Kunguni wa Muhogo

Mwalimu wa lugha huishi na kalamu nyekundu mkononi, na aghalabu huyakumbuka makosa ya wanafunzi wake kuliko yale yake mwenyewe. Katika makala haya tunakusudia kuigeuza desturi hiyo. Tunataka kusimulia kosa tulilolitenda sisi, kwa kalamu hiyo hiyo, katika daftari la mwanafunzi wetu mmoja. Kosa lenyewe lilihusu neno moja tu. Lakini neno hilo lilitupeleka mbali, kutoka uwanda wa Ruzizi hadi Paris, London, Paraguay na Ibadan, kisha likaturudisha katika shamba la mama yetu, ambako kwa hakika ndiko habari yote ilikoanzia.

Yapata miaka kumi na miwili sasa. Tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Tuliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Adui wa Mkulima". Wengi waliandika juu ya ukame, panya, na bei mbaya ya mazao. Binti mmoja, ambaye wazazi wake walilima mihogo huko uwandani, aliandika kurasa mbili juu ya mdudu. Alieleza jinsi mdudu huyo anavyokusanyika kwenye ncha ya mmea, jinsi anavyojifunika kitu cheupe mfano wa unga, na jinsi majani yanavyojikunja na kusinyaa mpaka ncha yote ikafanana na ngumi iliyofumbwa. Mdudu huyo alimwita "kunguni wa muhogo".

Tulilipigia jina hilo mistari miwili. Pembeni tukaandika: "Kunguni hukaa kitandani. Tumia neno sahihi." Tukapunguza alama mbili.

Siku ya kurudisha madaftari binti alikuja mezani petu, akasimama kwa adabu, akasema:

"Samahani, mwalimu. Huyu naye anadunga na kufyonza kama kunguni. Nilimwangalia."

Tukamjibu kwamba kufyonza si hoja. Mbu naye hufyonza, wala hakuna amwitaye kunguni. Darasa likacheka.

"Basi nimwite nani, mwalimu?"

"Tafuta katika kamusi."

Alikwenda akatafuta, akarudi mikono mitupu. Jioni ile nasi tulitafuta, na kamusi iliyokuwa mezani petu haikutupa jibu. Hatukumwambia. Alama zake mbili zikabaki zimepotea.

Ndugu msomaji, jambo linalotuonea haya zaidi ni kwamba mdudu yule hakuwa mgeni kwetu. Tulionana naye katikati ya miaka ya 1980, tukiwa watoto wadogo, katika kijiji kilichoko kando ya ziwa kusini mwa Uvira. Kwetu muhogo ni mmea wa milo miwili. Mizizi yake hutupa unga wa bukari, na majani yake hutupa sombe, ambayo ndugu zetu wa pwani huiita kisamvu. Kiangazi kimoja ncha za mihogo ya mama yetu zilianza kuwa nyeupe. Tulipozigusa, vidole vyetu vilitoka na unga wenye kunata. Majani machanga, yale yanayofaa kwa sombe, yalijikunja kabla hayajafunguka. Tukakosa kitoweo kwanza. Baadaye mama alipong'oa mashina, mizizi ilikuwa myembamba mfano wa vidole.

Watu wazima walilijadili jambo hilo kila jioni. Wengine walisema ni moshi wa malori. Wengine walisema ni ardhi iliyochoka. Wengine walinong'ona juu ya jicho baya. Mama yetu hakuwahi kumtuhumu mtu kwa mdomo wake, lakini tunakumbuka kwamba kiangazi kile aliacha kumwazima jembe jirani yetu mmoja, ambaye shamba lake lilichelewa kushikwa. Baada ya miezi michache shamba la jirani nalo likawa jeupe. Jembe, hata hivyo, halikuazimwa tena.

Tuliliita balaa hilo "unga". Tulisema, "Mihogo imeshikwa na unga." Hilo lilikuwa jina la dalili, si jina la mdudu, na kwa kuwa halikumtaja mdudu, hakuna aliyemtafuta mdudu. Mama alikata vipande vya mashina yaliyoonekana mazima, akavifunga kwa kamba, akampelekea dada yake kwa mashua ili naye apate mbegu. Leo tunajua kwamba mdudu huyo husafiri kwa njia hiyo hasa. Upepo humbeba, na vipando ambavyo watu hupeana kwa wema humbeba mbali zaidi.

Kisha, baada ya miaka kadhaa, ncha zikarudi kuwa kijani. Hakuna aliyetangaza kitu. Mama aliishukuru mvua, na mvua ilistahili sehemu ya shukrani hizo, maana matone makubwa huwaosha wadudu hao na kuwaangusha. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha miaka yote. Hatukujiuliza kwa nini safari hii muhogo ulipona na ukabaki umepona.

Jibu tulilipata kwa njia ya kazi yetu ya lugha. Miaka michache baada ya insha ile, tuliombwa kufasiri karatasi ya mafunzo kwa wakulima wa mihogo, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Mstari wa tatu tu ukatukwamisha. Kifaransa kilikuwa na jina la mdudu yule mweupe, nasi hatukuwa nalo. Tukamwuliza mwalimu mwenzetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, naye akatupa neno ambalo mabwana shamba wa Tanzania hulitumia: kidung'ata, na wakiwa wengi, vidung'ata. Tukalipokea kwa furaha, tukaendelea. Penye maelezo ya dawa tukaandika kwa Kiswahili chepesi: "Ua wadudu wote uwaonao kwenye muhogo."

Mtaalamu wa kilimo aliyeipitia rasimu yetu alikuwa mzee mpole. Aliweka kidole juu ya sentensi hiyo.

"Mwalimu," akasema, "hapa umeniulia askari wangu."

Ndipo akatueleza habari ambayo tungependa kila mwalimu wa lugha aijue. Tuliisoma zaidi baadaye, na tunaieleza hapa kama tulivyoielewa.

Muhogo wenyewe ni mgeni barani mwetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Kwa muda wa karne kadhaa ulikua hapa bila maadui wengi wa kwao. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika sehemu za Kinshasa na Brazzaville, wakulima walianza kuuona ule weupe tuliouelezea. Mdudu alienea kwa kasi ya kutisha, kutoka nchi hata nchi, na penye mashambulizi makali mavuno yalipungua hata kwa asilimia 80. Watu wapatao milioni 200 barani Afrika waliutegemea muhogo kwa chakula. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita mbili au tatu tu. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende.

Jambo la kwanza lililotakiwa lilikuwa kumjua ni nani. Mwaka 1977 Bibi Danièle Matile-Ferrero, mtaalamu wa Kifaransa wa wadudu wa jamii hiyo, alichapisha maelezo yake kamili na kumpa jina: Phenacoccus manihoti. Kwa mtu asiye wa fani, kumpa mdudu jina huonekana kama kazi ya dakika moja. La hasha. Mdudu huwekwa kwanza katika pombe kali ili asioze. Kisha huchemshwa polepole katika maji makali ya magadi mpaka nyama na mafuta yote yatoke, ikabaki ngozi tupu. Ngozi hutiwa rangi, hulazwa juu ya kipande cha kioo, na kufunikwa kwa kioo kingine chembamba. Ndipo mtaalamu huinama juu ya hadubini na kuanza kuhesabu. Huhesabu viungo vya vipapasio. Huhesabu vinyweleo. Huhesabu vitundu vidogo mno ambavyo mdudu hutolea nta yake, umbo lake na mahali vilipo. Mchoro wake nao una desturi yake: huchorwa mdudu mmoja aliyegawanywa kwa mstari wa katikati, nusu moja ikionyesha mgongo, nusu ya pili ikionyesha tumbo, ili msomaji aone pande zote mbili kwa mara moja.

Baada ya hapo huteuliwa mdudu mmoja kuwa kielelezo cha jina. Huyo huhifadhiwa katika makumbusho, na hata baada ya miaka mia moja, mwenye shaka juu ya jina anaweza kwenda kumtazama. Sisi walimu wa lugha tuna kamusi, lakini katika kamusi neno hufafanuliwa kwa maneno mengine. Wenzetu hawa wameweka kitu chenyewe kabatini, na neno limefungwa kwenye kitu hicho.

Hapo tunamwomba msomaji asimame kidogo atazame jina lenyewe. Majina ya wanyama na wadudu kwa kanuni ya kimataifa, inayoanzia kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758, huwa ya maneno mawili. La kwanza hutaja jenasi, yaani kundi la karibu; la pili humpambanua huyu na wenzake wa kundi hilo. Neno manihoti ni la Kilatini, na limewekwa katika hali ya kumilikiwa: maana yake ni "wa muhogo". Basi bibi yule mtaalamu, akiwa na hadubini yake na vielelezo vyake vilivyotoka Afrika ya Ikweta, alimwita mdudu yule fulani wa muhogo. Na binti wa uwanda wa Ruzizi, akiwa na macho yake mawili tu, aliandika kwa utaratibu ule ule: nomino, kiunganishi cha umilikaji, na jina la mmea.

Lakini vipi kuhusu neno "kunguni"? Hapa ndipo aibu yetu ilipokamilika.

Wadudu hupangwa katika oda, na oda mojawapo kubwa inaitwa Hemiptera. Jina hilo la Kiyunani maana yake ni "nusu mabawa", kwa sababu wengi wa kundi lake maarufu wana mabawa ya mbele ambayo nusu yake ni magumu na nusu yake ni laini. Aina zilizokwisha kuelezwa na kupewa majina katika oda hii zimepita 80,000. Hata hivyo, si bawa linalowaunganisha wote, maana wengine hawana bawa kabisa. Kinachowaunganisha ni mdomo. Wote wana mdomo uliorefuka kama sindano ndani ya ala yake, wa kudunga na kufyonza. Na wanazaliwa nao: mtoto hufyonza kama mamaye. Mbu hakuwa hoja yetu nzuri, kwa sababu sindano yake imeundwa kwa namna nyingine, na mtoto wake, yule kiluwiluwi wa majini, hana sindano kamwe.

Ni nani wamo katika oda hiyo? Wamo nyenje wanaoimba mitini. Wamo vidukari wa kunde na wa mahindi. Wamo wale tunaowaita inzi weupe, ambao wana mabawa manne na kwa hiyo si inzi hata kidogo. Yumo kidung'ata wa muhogo. Na yumo, mwanangu msamehevu, kunguni wa kitandani.

"Anadunga na kufyonza kama kunguni," binti alituambia. "Nilimwangalia." Alikuwa amemweka mdudu wake katika kundi lake kwa kuufuata mdomo, na mdomo ndio alama ambayo wataalamu wenyewe huifuata. Ni kweli kwamba mtaalamu angemsahihisha kidogo, kwa kuwa kunguni na kidung'ata wako katika matawi tofauti ya oda hiyo moja. Ni ndugu wa ukoo, si wa tumbo moja. Lakini kati ya jibu lake na jibu letu, lake lilikuwa karibu zaidi na ukweli. Sisi tulikuwa tumempanga mdudu kwa kufuata samani anayolalia.

Tuendelee na habari, maana sehemu yenye funzo kubwa bado.

Mdudu alipokwisha kuwa na jina, ilieleweka kwamba alikuja na muhogo au nyuma ya muhogo kutoka Amerika. Kama ni hivyo, huko kwao lazima wawepo wadudu wengine wanaomla na kumzuia asiongezeke, ndiyo maana huko hakuwa balaa. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoko Ibadan nchini Nigeria, wakiongozwa katika kazi hiyo na Mswisi Hans Herren, pamoja na wenzao wa taasisi nyingine, wakamtafuta adui huyo. Katika nchi za kaskazini mwa Amerika ya Kusini alipatikana kidung'ata juu ya muhogo. Sura yake ilikuwa ile ile, mmea wake ule ule, na madhara yake yalifanana. Watu wakaona wamefika. Wadudu waliokuwa wakimla huyo walikusanywa na kujaribiwa juu ya kidung'ata wa Afrika. Wakakataa. Hawakuweza kuzaliana juu yake.

Kwa nini? Kwa sababu hakuwa yeye. Mwaka 1981 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi London, Jennifer Cox na D. J. Williams, walionyesha kwamba waliodhaniwa kuwa mmoja walikuwa wawili. Tofauti zao ziliandikwa katika vile vitundu na vinyweleo ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Kulikuwa na tofauti nyingine pia. Yule wa Afrika hana dume; majike huzaa majike bila kupandwa. Yule wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini ana madume na majike. Huyo wa pili, ambaye hakuwa amepata kuelezwa kabla ya hapo, alipewa jina la Phenacoccus herreni, kwa heshima ya yule Mswisi aliyekuwa akimtafuta mwenziwe.

Tunaomba jambo hili lipimwe kwa uzito wake. Wakati ule ambapo watu wenye elimu kubwa walikuwa wakikusanya wadudu mahali pasipo pao kwa sababu ya kufanana kwa sura, mihogo ilikuwa ikiendelea kusinyaa katika nchi moja baada ya nyingine. Kosa la kuita vitu viwili kwa jina moja halikukaa katika vitabu. Lilikuwa katika sahani.

Mwaka huo huo wa 1981 mdudu wa kweli alipatikana kusini zaidi, nchini Paraguay, na mtafiti Anthony Bellotti. Pamoja naye alipatikana nyigu mdogo mno, asiyefikia milimita mbili. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Mtoto huanguliwa humo, humla mwenyeji wake kwa ndani, na ngozi ya kidung'ata hukauka ikawa ganda gumu la hudhurungi. Kisha nyigu mpya hutoboa ganda na kutoka kwenda kutafuta wengine. Nyigu hao walipelekwa kwanza Uingereza, wakawekwa katika karantini ili ihakikishwe kwamba hawakubeba madhara mengine, ndipo wakaletwa Ibadan. Kabla ya mwaka 1981 kwisha walikuwa wamekwisha kuachiliwa mashambani nchini Nigeria. Katika miaka iliyofuata walienezwa na kujieneza wenyewe katika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Kidung'ata hakuangamia, bali alipunguzwa mpaka muhogo ukaweza kuishi naye. Kwa kazi hiyo Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi kuiongoza taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko huko.

Nyigu yule ndiye "askari" wa mzee wetu wa kilimo, ambaye sisi, kwa neno "wote", tuliwaagiza wakulima wamwue.

Liko jambo moja zaidi kuhusu nyigu huyo, nalo ndilo lililotugusa kuliko yote. Alipopatikana Paraguay hakuwa mdudu asiye na jina. Mwargentina mmoja, Luis De Santis, alikuwa amemweleza na kumpa jina tangu mwaka 1964. Wakati ule hakukuwa na kidung'ata wa muhogo Afrika, wala hakukuwa na mtu aliyemhitaji nyigu huyo kwa lolote. De Santis alimweleza kwa sababu alikuwepo na hakuwa ameelezwa. Maelezo hayo yalikaa kabatini miaka 17, kisha yakahitajiwa na bara zima. Tangu hapo nyigu amehamishwa mara kadhaa kutoka jenasi moja hadi nyingine, kwa kadiri elimu ilivyoongezeka. Vitabu vimemwita Apoanagyrus lopezi, Epidinocarsis lopezi, na leo Anagyrus lopezi. Kanuni ni kwamba aina ikihamishwa kutoka jenasi yake ya kwanza, jina la mwelezaji huwekwa ndani ya mabano. Kwa hiyo mbele ya jina la leo huandikwa De Santis katika mabano, ili msomaji ajue kwamba mtu huyo alimwona wa kwanza, ingawa wengine wamempanga upya. Sisi tunaopanga nomino katika ngeli tungefaa kujifunza adabu hiyo, ya kubadili mpango wa mtangulizi bila kulifuta jina lake.

Na tukitaja ngeli, tumekuta hapa mfano ambao tunautumia darasani hadi leo. Neno "kidung'ata" kwa umbo lake lingekaa na kiti na kitabu. Lakini hatusemi "kidung'ata hiki kimekufa". Twasema "kidung'ata huyu amekufa", kwa kuwa ana uhai. Umbo latuambia hivi, upatanisho watuambia vile, na mwalimu anayetazama umbo peke yake atapotea, kama walivyopotea wale waliotazama weupe wa mdudu peke yake. Wanafunzi huuelewa mfano huu upesi, hasa wale waliotoka shambani.

Mtu asidhani kwamba kazi hii imekwisha. Mwaka 2008 kidung'ata yule yule aligunduliwa Thailand, ambako mihogo hulimwa kwa wingi. Lakini safari hii jina lake lilijulikana, na adui wake alijulikana; mwaka 2009 nyigu walikuwa wamekwisha kupelekwa huko kutoka Benin. Palipochukua karibu miaka kumi kwetu, palichukua mwaka mmoja kwao. Kwa upande mwingine, wale "inzi weupe" wanaoeneza batobato na michirizi ya kahawia katika mihogo yetu wangali wakiwasumbua wataalamu. Kwa miaka mingi wameitwa kwa jina moja, Bemisia tabaci; leo yaonekana kwamba chini ya jina hilo zimejificha aina nyingi zinazofanana kwa sura, na si zote zinazopenda muhogo. Kupambanua ni nani kati yao ndiye anayetutia njaa ni kazi ya sasa, si ya historia.

Tumeyaandika haya kwa kuwa tunaamini yanatuhusu sisi tunaofundisha lugha. Watoto wetu huja shuleni na majina ya wadudu, majani na samaki waliyofundishwa na bibi zao, au waliyoyatunga wao wenyewe kwa kutazama. Mara nyingi sisi huyafuta kwa sababu hayamo katika kamusi. Hatudai kwamba kila jina la mtoto ni sahihi. Mama yetu na kijiji chetu kizima tulisema "unga", na jina hilo lilitupoteza, hata likagharimu ujirani. Tunachodai ni kwamba kabla ya kulipiga jina mstari, mwalimu na aulize: umemwona wapi? Ana miguu mingapi, mabawa mangapi? Mdomo wake ukoje? Anafanana na nani, na anatofautiana naye kwa lipi? Hayo ni maswali ya mtaalamu wa wadudu, na ni maswali ya insha nzuri ya wasifu vilevile.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu, wa pande zote za ziwa na za mipaka yetu, wakusanye majina ya wadudu yanayotumiwa katika sehemu zao, kila jina pamoja na maelezo yake na mmea ambao mdudu huyo hupatikana. Wayalete katika jarida hili. Neno "kidung'ata" lilivuka ziwa kwa sababu mwalimu mmoja alimwuliza mwingine. Yamkini yapo mengine yanayongoja kuulizwa.

Mzee wa kilimo alituandikia upya ile sentensi yetu, nayo ikachapishwa hivi: "Usinyunyize dawa. Ganda la hudhurungi ni dalili njema. Liache mahali pake." Ni Kiswahili kizuri kuliko chetu.

Yule binti hatukuonana naye tena. Familia yake iliuhama uwanda wakati wa machafuko, na hatukupata kumwambia kwamba tulimkosea mbele ya darasa. Rejista ya mwaka ule bado tunayo. Mbele ya jina lake pameandikwa 13 kwa 20. Tumeongeza kando yake, kwa kalamu nyekundu, 15.